Koti Lenye Vifungo Vitano

Mambo yaliharibika siku ya Jumatatu, tarehe tisa, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mbele ya ukuta wenye misumari sitini ya kutundikia makoti. Ilikuwa siku ya kwanza ya shule. Kila mtoto wa darasa la awali alipewa koti jepesi la bluu avae juu ya nguo zake, shati lisiharibike kwa rangi na udongo wa kufinyanga, na kila koti lilikuwa na vifungo vitano mbele. Watoto hamsini na tisa walivaa. Wapo waliofunga kombo, ukosi ukaenda sikioni, lakini walivaa. Mmoja alibaki amesimama na koti lake wazi, akiongea.

Huyo aliyekuwa akiongea aliitwa Chiriku, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa na miaka mitano na maneno ya mtu wa hamsini. Mkono wake wa kulia ulikuwa kama mikono mingine yote. Wa kushoto alizaliwa nao ukiwa mvivu, vidole vimejikunja kiganjani kama vya mtu anayeficha peremende, na ukitaka avifungue ilibidi umbembeleze yeye, naye avibembeleze vidole.

"Mwalimu, nifunge," Chiriku alisema.

"Jifunge mwenyewe, mama. Wewe si mkubwa?"

"Ni mkubwa. Lakini nyumbani kwetu hakuna vifungo."

Mwalimu alidhani ni utani wa kitoto, akapita. Alikuwa peke yake na watoto sitini. Mwaka uliotangulia kulikuwa na msaidizi. Mwaka huu hayupo, kwa sababu mahali fulani mtu mwenye kalamu na kiyoyozi alipiga mstari juu ya neno "msaidizi", akaenda kula chakula cha mchana. Ilipofika saa nne Chiriku alikuwa amekosa kipindi cha rangi na amekosa udongo, yuko kwenye benchi nje ya ofisi, koti wazi, akimweleza mlinzi habari za paka wa jirani. Saa sita alirudishwa nyumbani na barua.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili, na kile cha mbele kilikuwa karakana. Babu yake Chiriku alikuwa fundi makochi. Ukiingia ulipokewa na kochi lililovuliwa nguo, springi nje, na harufu ya gundi. Bibi yake Chiriku alikuwa ameshatangulia. Kiti chake kilibaki pembeni ya cherehani na hakuna aliyekikalia ila paka wa jirani, naye kwa ruhusa. Baba wa mtoto alikuwa mbali na barabara waliyokuwa wakiijenga, akipiga simu Jumapili. Mama yake alipiga pasi kwenye duka la dobi kuanzia asubuhi mpaka jioni, na jioni ile alirudi nywele zikiwa bado na unyevu wa mvuke, akakuta barua juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Alimsomea baba yake, maana fundi alisoma herufi kubwa tu. Barua ilisema mtoto alete uthibitisho wa mtaalamu kwamba anaweza kujihudumia mwenyewe. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ya sita. Mpaka hapo abaki nyumbani. Asipoleta, nafasi yake itapewa mtoto mwingine aliye kwenye orodha.

"Kujihudumia," fundi alisema. "Miaka mitano. Mbona wakubwa hawajihudumii? Hata mlango wa gari wanafunguliwa."

"Baba, usianze."

"Sijaanza. Nauliza."

"Kuna watu wa tiba kazi. Nesi alinieleza zamani. Wanamfundisha mtoto kuvaa, kula, kushika kalamu."

"Tiba kazi. Mtoto ana miaka mitano mnamtafutia kazi."

"Kazi ya mtoto ni kuvaa na kucheza."

"Basi huyu kazi yake ni kusema, na ameshafuzu," babu alijibu, na Chiriku, aliyekuwa ndani ya kochi lililovuliwa akisikiliza kila kitu, alicheka hadi springi zikalia.

*

Hospitali ya umma waliambiwa waende chumba namba kumi na nne. Nje yake palikuwa na benchi la mbao lililong'aa kwa kukaliwa. Kwenye kidirisha alikuwapo karani mwanamke, amechoka kabla ya saa tatu.

"Shikamoo," alimwamkia fundi.

"Marahaba, mwanangu. Mtaalamu wa tiba kazi yupo?"

"Nafasi ipo."

"Nauliza mtu."

"Mtu alihamishwa mwezi wa nne. Nafasi ipo."

Fundi alichungulia mlangoni. Fundi makochi huwajua wenye madaraka kwa viti vyao, hahitaji kusoma magazeti. Kiti cha mtu anayefanya kazi huisha ukingoni, kwa mbele, kwa sababu hukaa na kuinuka, hukaa na kuinuka. Kiti cha mkubwa huisha mikononi, pale anapojishikilia asiondolewe. Kiti cha chumba namba kumi na nne hakikuisha popote. Kilikuwa kizuri, cha kuzunguka, cha magurudumu, na bado kimevaa nailoni ya dukani.

"Babu," Chiriku alisema, "kile kiti kimevaa koti la mvua."

"Kinaogopa kulowa, mama."

"Humu ndani kunanyesha?"

"Kunanyesha siku nyingi," babu alisema.

Karani aliandika jina la mtoto kwenye daftari. Kabla yake kulikuwa na majina mia mbili na mawili. Aliwaambia watapigiwa simu. Walishafika kwenye ngazi fundi alipokumbuka, akarudi.

"Mwanangu, utapigaje simu? Namba hukuichukua."

Karani alimtazama, akainamisha macho, akaiandika. Aliiandika vizuri, tarakimu kubwa kubwa, kama mtu anayeomba radhi.

*

Kliniki ya binafsi ilikuwa na mtaalamu. Ilikuwa pia na bei. Msichana wa mapokezi aliitaja kwa sauti ya chini, na fundi akamwomba arudie, kana kwamba ikirudiwa itapungua. Haikupungua. Kipindi kimoja cha dakika arobaini na tano kilikuwa sawa na siku tisa za mama Chiriku kusimama mbele ya pasi.

"Na anahitaji vipindi vingapi?" mama aliuliza.

"Inategemea na mtoto. Wengine ishirini. Wengine mwaka."

Mama Chiriku alimshika mtoto mkono, aondoke. Lakini fundi alikuwa ameshainama. Alikuwa anatazama viti vya wanaosubiri, kumi na viwili, ngozi bandia imepasuka na kuzibwa kwa plasta, sponji imekufa kabisa. Kimoja alikibonyeza kwa dole gumba. Hakikurudi.

Mkurugenzi wa kliniki alitoka ofisini wakati huohuo, mtu wa suti na marashi.

"Mzee, umepoteza kitu?"

"Viti vyako vinaumwa, bosi. Umewakalisha wagonjwa juu ya wagonjwa."

Msichana wa mapokezi alijifanya anakohoa. Mkurugenzi hakucheka, lakini alitazama viti, na ilionekana ni mara yake ya kwanza kuvitazama. Wakaanza. Fundi alisema: kitambaa chako, sponji yako, mkono wangu, na badala ya mkono wangu vipindi sita. Mkurugenzi alisema vinne. Fundi akasema sita. Mkurugenzi akasema vinne, tena Jumamosi, tena mpite mlango wa nyuma, wateja wanaolipa wasije wakaanza kuuliza bei yenu.

Mama Chiriku alifumba macho. Alimjua baba yake. Kwa maneno madogo kuliko hayo aliwahi kumrudishia diwani mmoja kochi lake likiwa nusu, upande na upande. Lakini Chiriku alikuwa chini ya kiti cha tatu, amelala chali, akihesabu plasta kwa sauti, na alipofika kumi na tisa akasema kumi na kumi.

"Mlango ni mlango," fundi akasema.

*

Jumamosi ya kwanza walipita mlango wa nyuma, kwenye mapipa, wakatokea chumba kilekile cha kusubiria, maana kilikuwa kimoja. Viti havikuwapo. Vyote kumi na viwili vilikuwa karakana, vimevuliwa. Wazazi walikuwa wamesimama ukutani, watoto viunoni.

"Hivi viti vya watu vimeenda wapi?" aliuliza mama mmoja mwenye mapacha.

"Ati wamempa fundi," alijibu mwingine.

"Fundi gani anachukua vyote kwa mpigo? Si angechukua nusunusu, mtu mzima hana akili?"

"Mafundi ndivyo walivyo. Utaviona mwakani."

Fundi aliutazama ukuta. Chiriku alifungua mdomo, na mama yake akamziba kwa kiganja, na mtoto akaendelea kusema ndani ya kiganja mpaka walipoitwa.

Mtaalamu alikuwa binti mdogo kuliko walivyotarajia, mikono ya blauzi imekunjwa, anafanya kazi akiwa ameketi sakafuni juu ya godoro jembamba. Hakuuliza chochote kuhusu mlango. Alimpa Chiriku mipira, akampa shanga kubwa na uzi, akamwomba aminye sponji yenye maji kwa mkono wa kushoto. Mkono ulisita, vidole vikafunguka kimoja kimoja kama wapangaji wanaogongewa mlango asubuhi, ukaminya. Maji yalitoka kidogo.

"Unaona?" Mtaalamu alimwambia mama. "Huu mkono una nguvu kuliko unavyojionyesha."

Kisha akaleta kipande cha kitambaa kilichobandikwa kwenye ubao, chenye vifungo vitatu. Chiriku aliinamia kifungo cha kwanza, akakitazama kama mtu anayetazama mdudu asiyejua kama anauma.

"Hiki ni cha kochi?"

"Ni cha shati."

Chiriku alikibonyeza kwa kidole. Akasubiri. Akakibonyeza tena. "Vya babu ukibonyeza vinaingia ndani. Hiki kimeharibika."

Mtaalamu alimtazama mama. "Hajawahi kuvaa nguo yenye vifungo?"

Mama Chiriku aligeuka, akamtazama baba yake, na Mtaalamu akafuata macho yale, na mwisho hata Chiriku akageuka. Fundi alikuwa kwenye kona, ameshika kofia.

"Ni mimi," alisema. "Alikuwa na miaka miwili na nusu. Kuna siku aling'ang'ana na kisweta chake nusu saa nzima, analia, ule mkono haumsikii. Nilimvua nikachukua wembe. Nilitoa vifungo vya kisweta, nikatoa vya nguo zote. Nikaweka mpira kiunoni, na mbele ule utepe wa kunatana, unaoachia krrr. Viatu nikavitia utepe. Kikombe nikakifungia mkono wa pili wa waya na kitambaa, asimwage. Hata penseli zake nilizivika sponji."

Akaongeza, "Alikuwa analia."

"Najua, babu," Mtaalamu alisema.

"Sikutaka alie."

Mtaalamu alichukua gauni la Chiriku pindoni, akaligeuza, akatazama ule utepe ulivyoshonwa, mshono mdogo mdogo usiokwaruza ngozi ya mtoto. Alitazama kwa muda.

"Unashona vizuri sana," alisema. "Hiyo ndiyo shida yetu. Nyumba nzima mmekubaliana kwamba mkono huu umelala, na mnatembea kwa kunyata msije mkauamsha."

Fundi alikuwa mtu wa kuwalaumu wenye viti, miaka arobaini, na siku zote aliwaona wako ng'ambo ya meza. Leo meza haikuwapo. Walikuwa wote sakafuni.

*

Jioni ile alishusha mkebe kutoka juu ya kabati. Vifungo alikuwa amevitunza vyote, maana fundi hatupi kitu: ishirini na saba, vya maua, vya samaki, kimoja chenye umbo la tufaha. Alivishona upya mpaka mgongo ukauma, na alipotoboa kidole alijinyamazia, kama anayelipa faini.

Mtaalamu alikuwa ametaka na glavu. Glavu ya mkono mzima, ule wa kulia, ivaliwe saa moja kila siku, ili mkono mvivu ukose wa kumtuma. Fundi aliishona kwa mabaki ya kochi la mheshimiwa mmoja, mahameli ya zambarau, isiyo na vidole, nono kama mto. Chiriku alipovalishwa aliinua juu.

"Haiwezi kushika kitu," alisema.

"Ndiyo kazi yake. Kukaa tu na kupendeza."

"Basi inaitwa Mheshimiwa."

Tangu hapo nyumba ilikuwa na saa ya Mheshimiwa. Chiriku alikaa sakafuni karakana, Mheshimiwa mapajani, na mkono wa kushoto ukamnyofolea babu sponji kuukuu ya kujazia mito. Siku ya kwanza ulinyofoa vipande vitatu. "Mheshimiwa amelala," alimwambia kila mteja aliyeingia, "kazi ninafanya na huyu." Wiki ya pili akajaza kofia. Babu aliwaambia wateja kwamba mito yao imejazwa na mtaalamu, nao wakaitikia kwa heshima.

Vifungo vilikuwa habari nyingine. Vifungo vinataka mikono yote miwili, mmoja ushike tundu, mwingine usukume, na ile ya Chiriku haikuwa na mazoea ya kushirikiana. Siku moja mama yake alirudi akamkuta fundi ameketi kwenye kigoda, amekaa wima isivyo kawaida, na mtoto mbele yake ananung'unika juu ya kifungo cha samaki.

"Baba, umekalia nini?"

"Mikono yangu," fundi alisema. "Nikiiachia itaenda."

Asubuhi ndiyo ilikuwa vita. Kuvaa, ambako zamani kulichukua dakika mbili na krrr tatu, sasa kulichukua arobaini. Mara mbili mama Chiriku, akimsimamia, alichelewa kazini, na mwenye duka la dobi alimkata nusu siku kila mara, akimwambia mbele ya wenzake kwamba yeye hakuajiri shule ya kuvaa. Wiki ya nne Chiriku alitupa gauni ukutani. Akalia kama alivyolia akiwa na miaka miwili na nusu. "Nipeni nguo zangu za krrr! Hizi hazinitaki!"

Mama yake alipotoka kuchukua maji alirudi akakuta fundi ameshika gauni kwa mkono mmoja na wembe kwa mkono mwingine, wembe umeshagusa uzi wa kifungo cha juu.

"Baba."

"Kimoja tu. Hiki cha juu, cha shingoni, kinambana."

"Weka chini."

"Anateseka. Na wewe unachelewa, mwanangu. Watakukata tena."

"Wanikate. Weka chini, baba. Akue."

Fundi aliweka wembe chini. Alitoka nje, akasimama mbele ya karakana yake kama mteja anayesubiri kufunguliwa, na kutoka humo ndani alimsikia Chiriku akivuta kamasi, kisha sauti yake ikasema, kwa hasira, "Samaki ameingia." Mama yake hakusema hongera. Alikaa kitako sakafuni, sare ya kazi na yote, akambusu ule mkono vidole vyote vitano.

*

Kipindi cha nne kilikuwa cha mwisho. Viti vilisharudi, kitambaa cha kijani, imara, na yule mama wa mapacha aliketi akasema, "Ee, fundi huyu anajua," na Chiriku akamwambia, "Ni huyu hapa, yule asiye na akili."

Mtaalamu alichukua karatasi ya kliniki.

"Nitaandika ukweli, babu."

"Andika ukweli mzuri."

Aliandika mstari mmoja: mtoto huyu anaweza kujihudumia mwenyewe, akipewa muda. Mama Chiriku alisoma mara mbili. Aliomba yale maneno mawili ya mwisho yaondolewe. Mtaalamu alitikisa kichwa, polepole, akasema yakiondolewa yatakuwa uongo, na uongo utamfika mtoto siku ya kwanza mbele ya misumari ile. Alisema pia, kwa sauti ya chini akitazama mlango, kwamba kwa mtoto kama huyu vipindi vinne ni kama kumwonyesha mtu bahari na kumrudisha. Wakitaka, jioni za Alhamisi yeye hupita mtaa wao akirudi nyumbani, na hajakatazwa kuingia kwa fundi kutengenezesha kochi. Kochi alikuwa hana.

Barua ilitaka muhuri. Muhuri ulikuwa kwa Mkurugenzi, naye alisema barua haikuwamo katika makubaliano, ila kama fundi ana nafasi, kiti chake cha ofisini nacho kimeanza kuchakaa. Fundi alikitazama. Kilikuwa kimeisha mikononi.

Alikishona siku hiyohiyo.

*

Ijumaa ya wiki ya sita walifika shuleni saa moja na nusu. Kwenye benchi nje ya ofisi alikuwapo mwanamume mwenye nguo za kazi, saruji kavu kwenye viatu, na kando yake msichana mdogo aliyesukwa upya. Mwanamume alikuwa na fomu mkononi, ameishika kwa ncha za vidole asiichafue. Walisalimiana. Hakuna aliyeuliza mwenzake amefuata nini.

Fundi aliingia akiwa amejiandaa kumchukia Mwalimu Mkuu. Alikuwa na maneno aliyoyapanga njia nzima, makali, mengine yenye wembe. Kisha akaona kiti chake. Kilikuwa kimeisha ukingoni, kwa mbele, sponji nje, na maneno yakampungukia.

Mwalimu Mkuu, mwanamke wa makamo mwenye chaki kwenye mkono wa blauzi, alisoma barua. Alirudia maneno ya mwisho.

"Akipewa muda. Muda kiasi gani?"

"Inategemea na siku," mama Chiriku alisema.

"Mama, mimi sikatai mtoto. Nina watoto sitini na mwalimu mmoja. Msaidizi waliniondolea."

"Nani?" fundi aliuliza.

"Walio juu."

"Juu wapi?"

"Juu," Mwalimu Mkuu alisema, na wote watatu wakatazama dari. Dari ilikuwa na doa la maji.

"Naweza kuvaa," Chiriku alisema. "Mnaongea sana."

Koti la bluu lilikuwa mlangoni, kwenye msumari. Mwalimu Mkuu alilitungua mwenyewe, akampa, akaketi. Chiriku aliingiza mkono mvivu kwanza, kama alivyofundishwa, kisha ule mwingine. Akaanzia chini. Cha kwanza kiliingia kabla watu wazima hawajakaa vizuri. Cha pili kiliingia. Cha tatu kilitoka, akakiambia "rudi hapa", kikarudi. Mama yake alikuwa ameuma kitambaa cha kichwa. Fundi alikuwa amekalia mikono yake yote miwili kwenye kiti cha wageni, na mabega yake yalikuwa yakisogea kidogo kidogo, yanafunga.

Cha nne kiliingia. Nje, kengele ya saa mbili ikalia. Vikasikika vishindo vya miguu midogo ikikimbilia mistari, na sauti ya yule mwalimu mmoja ikiita majina. Mlangoni mwanamume wa saruji aliinuka, akaketi tena. Mwalimu Mkuu alitazama saa ya ukutani, akatazama barua, akatazama fomu ya kufuta nafasi ya mtoto iliyokuwa chini ya mkono wake, ikiwa imeshajazwa yote ila sahihi. Kalamu ilikuwa wazi.

Kilibaki cha tano, cha shingoni, asichoweza kukiona. Chiriku alitoa ulimi pembeni ya mdomo, akainua kidevu juu, macho kwenye doa la dari. Vidole vya kushoto vilikuwa vimeshika tundu. Vikaliachia. Vikalitafuta tena, vikalipata, na kifungo kikateleza.

"Msiniangalie," alisema.

Wote wakatazama pembeni. Kengele ya pili ikalia.

"Mwalimu," fundi alisema, bila kugeuka, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza njia, "tunamngoja, au hatumngoji?"